Tope la Kiangazi

Mimi ni Ma Leokadia wa Kibeta. Nimetunza bustani miaka ishirini na mbili, na majani ninayoyasema hapa si ya ng'ombe. Ni yale ya kupendeza, ya kukaliwa na wageni wenye viatu safi. Shuleni niliishia darasa la nne kwa sababu ambazo hazimhusu mtu. Lakini nikisimama kwenye bustani yako dakika moja nitakwambia mbwa amelala wapi, maji ya sabuni yamemwagwa wapi, na nani kati ya vijana wako anakata majani huku anaongea na simu. Kwa hiyo mkinisoma msicheke. Au chekeni, lakini mwisho.

Nataka kuwaeleza habari ya tope moja lililonichanganya akili mpaka nikawa naongea peke yangu njiani. Lilikuwa tope la mwezi wa saba. Mwezi wa nne tope lina haki yake, mvua ya Bukoba mnaijua, inanyesha mpaka kuku wanakata tamaa. Lakini mwezi wa saba, vumbi linaruka barabarani, watu wanaanika kahawa, na bustani yangu inabonyea kama godoro lililokojolewa! Ukikanyaga, mguu unaingia. Ukiutoa, ardhi inakubusu. Kiatu kinabaki.

Bustani yenyewe ilikuwa ya nyumba ya wageni ya Mama Asimwe, mjane mmoja mkali lakini wa haki. Nyumba iko chini ya kilima, na majani yalikuwa mbele, kuanzia ukuta wa juu unaogusa kilima hadi uzio wa chini unaopakana na barabara. Mimi nilikuwa mkubwa wa bustani. Chini yangu alikuwepo Editha, mama wa makamo, mwenye watoto watatu sekondari na mgongo wa chuma.

Sasa, mwisho wa mwezi wa nane Mama Asimwe alikuwa anamwoza binti yake, huyo Asimwe mwenyewe. Misa kanisani, halafu koo mbili zije zikae kwenye majani yangu, zile na kuchezeana ngoma. Akanifuata akiwa amevaa gambuti.

"Ma Leo, mimi siwezi kumkalisha mkwe kwenye kinamasi."

"Patakauka, mama."

"Patakauka lini? Nimeshaongea na fundi. Wiki moja kabla ya harusi, kama bado pako hivi, anamwaga kokoto na kutandaza pevingi, vile vitofali vya saruji. Ukuta hadi uzio."

"Na sisi?"

Akaangalia pembeni. "Pevingi inafagiliwa tu, Ma Leo. Mfagiaji ninaye."

Editha alikuwa amesimama nyuma yangu na reki. Sikugeuka kumtazama. Nilisikia tu reki imeanguka.

Nilianza na kosa la Mhaya. Nasema la Mhaya kwa sababu mtu wa kwingine asingelifanya hata ukimlipa. Mama yangu alinifundisha jambo moja kuhusu ardhi: usiiache uchi. Kibanja chetu, shamba la migomba la nyumbani, mnajua, kinafunikwa na nyasi mwaka mzima, migomba inasimama kwenye nyasi kama watu waliojifunika shuka. Hata ndani ya msonge wa bibi yangu sakafu ilikuwa nyasi, na mgeni akitarajiwa unatandaza mpya. Kwangu mimi nyasi ni dawa ya kila ardhi mbaya. Kwa hiyo nikamwambia Editha, twende rweya. Rweya ni ile mbuga yetu ya nyasi tupu, haina ndizi wala kahawa. Tukakata siku tatu, tukafunga mizigo, tukaibeba kichwani kupita mjini. Vijana wa bodaboda wakatupigia kelele, "Mabibi, mnahamia porini?" Nikawajibu, "Tunakwenda kumtandikia mama yako kitanda."

Tukafunika tope lote. Pakawa pazuri! Mama Asimwe akapita bila gambuti. Siku nne nilitembea nimeinua kidevu.

Siku ya kumi nikanyanyua nyasi kidogo nione. Harufu ikanipiga usoni kama rubisi, pombe yetu ya ndizi, iliyooza. Majani ya chini yalikuwa ya njano, yamelala, yanateleza kama nywele za mtu aliyezama. Na tope lilikuwa zaidi ya mwanzo. Nikachuchumaa pale, sielewi. Nyasi ndiyo dawa! Ilinichukua siku mbili kuelewa kitu ambacho hata mtoto angekielewa: kibanja tunakifunika ili kitunze maji. Nami nilikuwa nimelivalisha tope blanketi.

Tukaondoa nyasi yote tena, sisi wawili, kwa mikono. Editha hakunilaumu. Alisema tu, "Angalau tumefanya mazoezi."

Halafu ukaja mchanga. Huo ulikuwa ushauri wa shemeji yake Mama Asimwe, mtu anayejua kila kitu kwa sababu aliwahi kuishi Mwanza. Lori likamwaga, tukasambaza, na kesho yake tulikuwa na uji wa ulezi. Vijana, andikeni hili hata kwenye mkono: mchanga haukaushi tope. Mchanga unaingizwa kwenye matundu ardhi ikiwa kavu, umechanganywa na mbolea iliyoiva, na unaufagia taratibu ushuke. Ukiumwaga juu ya maji umeongeza uzito tu.

Baada ya hapo nikakumbuka mafunzo ya Ta Kamugisha. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtunza bustani pale kabla yangu, nikafanya kazi chini yake miaka sita, mpaka alipostaafu akarudi kwao Kimwani, kule Muleba. Mtu mfupi, mbishi, maneno machache. Nilipoanza kazi aliniona nakata majani yakiwa na umande, akaninyang'anya slasha. "Unamnyoa mtu akiwa amelowa?" Basi, hayo ndiyo yalikuwa mafunzo ya siku nzima. Siku nyingine alinipa jembe la uma, akanionyesha: lichome lote mpaka mwisho wa meno, litikise mbele na nyuma, litoe, rudi nyuma hatua moja, choma tena. Ardhi iliyokanyagwa sana inashikana, maji hayapiti, na mizizi inakosa hewa. Na ukifanya hivyo usisimame juu ya tope, simama juu ya ubao, la sivyo unafungua kwa mkono na kufunga kwa mguu.

Tukachoma matundu bustani nzima, tumesimama juu ya mbao kama kuku kwenye kichanja. Nikangoja maji yashuke.

Yakapanda! Matundu yakajaa kutoka chini, moja baada ya jingine, kama macho yanayofunguka. Editha akafanya ishara ya msalaba.

"Ma Leo, haya maji yanatoka wapi?"

"Nyamaza nifikiri."

"Unafikiri nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nimesema unyamaze."

Akaitwa fundi bomba. Akachimba kufuata bomba kutoka tangi hadi jikoni. Bomba halikuwa na tone linalovuja, viungo vikavu kama fimbo, na limelala ndani ya tope! Fundi mwenyewe alisimama akajikuna kichwa, akaomba chai. Akaja bwana shamba, kijana mpole, akafinyanga udongo mkononi, akaniambia, "Bibi, udongo huu haupitishi maji." Nikamwambia, "Hilo hata bata analijua." Mlinzi akasema ziwa linapanda. Lakini ziwa liko kule chini, tukiwa juu yake kabisa, lingetufikiaje sisi likawaacha wa chini wakavu? Kila mtu alinipa jibu, na hakuna jibu lililofanana na lingine.

Nikafanya jaribio langu mwenyewe, nanyi mlishike kwa sababu halina gharama. Nikachimba shimo la kufika kwenye kiwiko, nikachota maji yote, nikalifunika na karai. Mvua haikunyesha. Asubuhi nikafunua: maji nusu shimo. Basi nikajua kitu kimoja tu, kwamba maji hayakutoka juu. Yalikuwa yanakuja kwa chini. Lakini miaka yote ya nyuma yalikuwa wapi? Kilima ni kile kile, nyumba ni ile ile, mimi ni yule yule. Nililala na swali hilo na kuamka nalo. Nikaanza kujiuliza kama uzee umenifikia. Nilitia chumvi kwenye chai, nikainywa yote bila kugundua.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, nikapanda basi kwenda Kimwani.

Nilimkuta Ta Kamugisha uani kwake, amekaa kwenye kigoda, anachambua kahawa. Amekonda, macho yamefifia. Nikapiga magoti kumwamkia, naye akanipa kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi, tukatafuna. Mkwewe, mke wa mwanaye, alikuwa karibu anamenya ndizi.

"Ta Kamugisha, bustani inakufa. Imejaa maji."

"Magimbi yangu hayajambo?"

"Nasema bustani, waitu, mzee wangu. Majani. Yamelowa mwezi wa saba!"

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Nauliza magimbi."

Nikamweleza tena, taratibu, nyasi, mchanga, matundu, bomba. Akasikiliza yote huku anatupa kahawa mbovu pembeni. Nilipomaliza akasema, "Yale yalikuwa magimbi mazuri. Hayakuwahi kukauka hata kiangazi kikali."

Mkwewe akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Msamehe, mama. Siku hizi mzee anachanganya mambo."

Nikamwonea huruma. Kweli, nilimwonea huruma! Nikamwachia sukari na sabuni, nikaaga. Alinisindikiza hadi kwenye njia, anajikongoja na fimbo, akaniuliza mara ya tatu, "Kwa hiyo magimbi hujaniambia." Nikasema hayajambo ili aridhike. Kwenye basi nilikaa nimeinamisha kichwa. Nilikuwa nimekwenda kwa mtu pekee mwenye jibu, nimemkuta akili imemtoka.

Niliposhuka, badala ya kuingia kwa lango la juu nikapita barabara ya chini, kandokando ya uzio, kwa sababu sikutaka kukutana na Mama Asimwe. Na pale chini ya uzio kuna tundu, kipande cha bomba la saruji kinachotokeza barabarani. Zamani tundu lile lilitoa maji mwaka mzima. Kidogo kidogo, safi, hata kiangazi. Wanawake waliotoka shamba walikuwa wananawa miguu pale kabla ya kuingia mjini. Mimi mwenyewe nimenawa pale mara ngapi!

Nikalitazama tundu. Buibui alikuwa ametanda utando mdomoni mwake, na utando una vumbi.

Ndani ya uzio maji yanafika kwenye kifundo cha mguu, nje ya uzio tundu limekauka. Nikasimama na kikapu changu, magari yanapita.

Magimbi.

Enzi za Ta Kamugisha, ubavuni mwa bustani, kutoka ukuta wa kilima hadi kwenye tundu lile, kulikuwa na mtaro wa wazi. Mtaro mbaya, wa kijinga machoni pangu, umejaa magimbi yenye masikio makubwa. Miaka sita nilikuwa naona aibu kwa ajili yake. Wageni wamekaa kwenye majani laini, na pembeni kuna magimbi kama nyuma ya jikoni! Nilidhani mzee anataka chakula cha bure. Alipostaafu, wiki ya kwanza ya ukubwa wangu, niling'oa magimbi yote. Nikajaza mtaro na migomba iliyokatwa, nikashindilia nyasi ya rweya, nikaweka udongo, nikapanda ukoka juu. Mama Asimwe alifurahi mpaka akaninunulia kitenge. Na kwa miaka mitatu pakawa pazuri kweli, kwa sababu migomba ikiwa mipya ina mianya, maji yanapenya. Halafu inaoza. Inalala. Inakuwa kama unga wa mhogo uliolowekwa, na hapo hata machozi hayapiti, na maji ya kilima yanageukia kwenye majani yangu.

Mngeniuliza kwa nini sikukumbuka mapema. Sijui. Nadhani kosa ulilopewa kitenge kwa ajili yake halikai kichwani kama kosa.

Asubuhi nikamwonyesha Editha pa kuchimba. Editha alikuja kazini baada ya mtaro kufukiwa, hakuwahi kuuona. Akashusha jembe, mara tatu, mara nne, na harufu ikatoka, nyeusi, ya kitu kilichokufa zamani. Akaingiza mkono akavuta kamba ya manila ya buluu, yenye mafundo mawili yaliyopishana, fundo ninalofunga mimi peke yangu.

Akaitazama. Akanitazama.

"Ma Leo, hii si kamba yako?"

Ningeweza kusema kamba za buluu ni nyingi. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Lakini nilimwona jinsi tope lilivyomfika kiunoni, mwanamke aliyebeba nyasi yangu kichwani mji mzima na kuibeba tena kuitoa.

"Ni yangu," nikasema. "Na uchafu wote huo uliopo chini yake ni wangu."

Akaitupa kamba ukingoni. Halafu akacheka, akacheka hadi akakaa ndani ya mtaro. "Kumbe tulikuwa tunamtafuta mchawi, na mchawi ndiye anagawa majembe!"

Nilikwenda kwa Mama Asimwe na miguu yangu ya tope, nikasimama mlangoni, nikamweleza yote. Hakunikatiza. Mwisho akasema:

"Kwa hiyo nilikupa kitenge kwa kuniharibia bustani."

"Ndiyo, mama."

"Nakitaka kitenge changu."

"Kimeshachakaa, mama. Nimebebea wajukuu."

Akanitazama kwa muda ambao sitausahau. "Basi nenda kachimbe. Tarehe ya fundi haibadiliki."

Tulichimba siku sita. Tulipima mteremko kwa mpira mwembamba wa maji kama mafundi ujenzi, kwa sababu jicho linadanganya, hasa jicho lenye haraka. Mawe makubwa chini, madogo juu yake, bila udongo, mtaro wazi. Siku tulipozibua kipande cha mwisho karibu na uzio, maji yalisimama kwanza, kama yanafikiri. Halafu yakaenda. Editha akakimbia barabarani akapiga kelele, "Yanatoka! Yamemchukua na buibui!"

Baada ya hapo hatukuruhusu mtu kukanyaga, hata paka. Mkitaka kumuua mgonjwa, mwamsheni siku ya kwanza ya nafuu. Tulichoma matundu tena, na safari hii maji yakashuka. Palipokuwa pamekufa kabisa tukapachika ukoka mpya, vipande vipande.

Fundi wa pevingi akaja siku yake, na futi yake na penseli sikioni. Mama Asimwe akamwambia avue viatu, atembee bustani nzima. Akatembea. Sisi wawili tumeshikana mikono kama wasichana wa kipaimara. Nyayo zikatoka safi. Safi. Safi. Alipofika kwenye kona ya juu, karibu na tangi, ikasikika *pwachu*.

Nikafumba macho.

"Kona moja," akasema Mama Asimwe. "Kona moja tutaweka vyungu vya maua. Baba, rudi nyumbani na futi yako."

Harusi ikafanyika. Watu walicheza hadi majani yakalia, wazee wa upande wa mume wakauliza kwa nini kuna mtaro wa wazi pembeni ya meza yao, Mama Asimwe akawaambia ni mapambo. Na ile kona ya tangi nawaambia ukweli, mpaka leo ina tope. Nimechimba, nimepima, nimeonja mpaka udongo wake. Sijui. Miaka ishirini na mbili, na kona moja imenishinda. Mwenye kujua aje aniambie, sitamwonea haya.

Nilipanda magimbi tena kwenye kingo zote mbili, mizizi yake ishike udongo usiporomokee kwenye mawe. Na masikio yake ndiyo habari: yakinyauka, ujue maji yamezibwa mahali. Yalipokomaa nikajaza kikapu, nikapanda basi kwenda Kimwani. Ta Kamugisha akalishika gimbi moja, akalipapasa kama mtu anayeshika uso wa mtoto.

"Ya mtaroni haya."

"Ndiyo, waitu. Niliyang'oa. Uliponiuliza nilikudanganya."

"Nilijua. Bustani ingelowaje?"

Nikapandwa na hasira, uongo sisemi. "Sasa kwa nini hukuniambia? Miaka sita nilikuwa na wewe! Hukuwahi kusema yale magimbi ni ya kazi gani!"

"Miaka sita," akasema. "Na wewe hukuwahi kuuliza. Nilidhani unajua."

Tukatafuna kahawa. Sikujua nimkasirikie yeye au mimi, na mpaka anazikwa, mwaka uliofuata, sikuwa nimeamua.

Mimi nimestaafu. Kazi amepewa binti anayeitwa Jovina, mchapakazi, ana mashine ya kukata majani na hakati yakiwa na umande, hilo nimemwangalia. Editha bado yupo, ila Editha akiamriwa hubishana kidogo tu, kisha hufanya alichoambiwa. Juzi nilipita kuwasalimia. Jovina akanikaribisha vizuri, akanionyesha maua yake, halafu akanyoosha mkono kule ubavuni.

"Bibi, kila kitu umeniachia kizuri. Ila yale magimbi mwezi ujao nayatoa, yanaharibu sura."

Hakuuliza. Na mimi nikafungua mdomo, nikaona Mama Asimwe anatuangalia kutoka barazani, nikaona aibu kuianza hadithi ya kitenge mbele ya watu. Nikasema, "Haya, mjukuu," nikaondoka. Nikafika nyumbani, nikatafuta kalamu.

Ndiyo maana nimeandika. Jovina, mtaro ule ndio unaoishikilia bustani nzima, na kazi yako, na ya Editha. Ta Kamugisha alingoja niulize. Mimi singoji. Magimbi usiyaguse.